Tiketi Unayo, Safari Haiendi: Utatuzi wa Matatizo ya Treni za Ujerumani

Aliyezoea treni ya SGR ya Dar es Salaam hadi Dodoma, au Madaraka Express ya Nairobi na Mombasa, amezoea tiketi inayobeba kila kitu: treni yako, behewa lako, kiti chako, saa yako. Ukishaishika mkononi umemaliza. Ujerumani mambo hayo yametenganishwa. Nauli unanunua peke yake, kiti unakilipia peke yake, na ruhusa ya kupanda treni nyingine mambo yakiharibika inategemea aina ya tiketi na namna ulivyoinunua. Karibu kila tatizo ninaloulizwa na ndugu zetu waliokuja huku kusoma, kufanya kazi za uuguzi au kutembelea watoto wao linaanzia hapo. Mtu alidhani amenunua vitu vitatu, kumbe amenunua kimoja.

Nimeyapanga matatizo kwa dalili, tangu unapotafuta safari hadi unapokwama stesheni usiku. Nenda moja kwa moja kwenye dalili yako. Mengi yanahusu Deutsche Bahn, shirika linaloendesha sehemu kubwa ya treni za masafa marefu, zile za ICE, IC na EC.

Bei inapanda kila nikiangalia

Tovuti ya Deutsche Bahn haikuonei. Tiketi za bei nafuu, zinazoitwa Sparpreis na Super Sparpreis, zimetengwa kwa idadi maalumu kwa kila treni. Zikinunuliwa hizo za chini, inafuata ngazi ya juu yake, na kadhalika mpaka inabaki Flexpreis, ambayo ni ghali. Ijumaa alasiri na Jumapili jioni ndipo zinapoisha haraka zaidi, kwa sababu wanafunzi na wafanyakazi wanakwenda na kurudi makwao.

Ukiwa na nafasi ya kuchagua saa, tafuta kitufe kilichoandikwa Bestpreissuche. Kitakuonyesha siku nzima na bei ya chini kwa kila kipindi. Mara nyingi kusogeza safari kwa saa mbili tu kunapunguza nauli sana. Pia ondoa alama kwenye chaguo la kuonyesha safari za haraka tu. Alama hiyo ikiwepo, inakuficha treni za polepole ambazo wakati mwingine ndizo nafuu.

Kuna waliokata BahnCard 50, kadi ya punguzo la nauli, wakakuta punguzo ni asilimia 25. Hakuna kosa hapo. Kadi hiyo inapunguza nusu kwenye Flexpreis tu, lakini kwenye Sparpreis inapunguza asilimia 25, sawasawa na BahnCard 25. Kama wewe ni mtu wa kununua mapema, sioni sababu ya kulipia kadi ya 50. Na kadi hizi hujirefusha zenyewe mwaka ukiisha usipozisitisha mapema, kwa hiyo siku unayoinunua andika kabisa kwenye kalenda tarehe ya kuisitisha.

Safari haionekani, au inaonyesha saa nyingi kuliko nilivyoambiwa

Angalia kwanza jina la stesheni, herufi kwa herufi. Frankfurt ziko mbili: Frankfurt (Main), yenye uwanja mkubwa wa ndege, na Frankfurt (Oder), mji wa mpakani na Poland. Ukikuta safari ya Frankfurt inaishia mashariki ya Berlin, umechagua ya pili. Uwanja wa ndege wenyewe una stesheni mbili, Fernbahnhof ya treni za masafa marefu na Regionalbahnhof ya treni za karibu, na kutoka moja hadi nyingine ni mwendo wa miguu na mabegi yako. Köln nako, baadhi ya treni hazisimami Köln Hbf bali Köln Messe/Deutz, ng'ambo ya mto Rhine. Herufi Hbf ni kifupi cha Hauptbahnhof, stesheni kuu. Kama hujui unashukia wapi, anzia hiyo.

Kama jina ni sahihi na safari bado ni ndefu, huenda njia imefungwa kwa ujenzi. Ujerumani imeamua kufunga njia nzima kwa miezi na kuzikarabati kwa mkupuo. Njia ya Frankfurt na Mannheim ilifungwa kuanzia Julai hadi Desemba 2024, na ya Hamburg na Berlin ikafungwa kuanzia Agosti 2025. Treni huzungushwa njia nyingine, au abiria wanapakiwa mabasi yanayoandikwa SEV, kifupi cha Schienenersatzverkehr. Ukiona herufi hizo kwenye safari yako, ujue kipande hicho ni basi, na kituo chake mara nyingi kiko nje ya stesheni. Jipe dakika za kukitafuta. Sababu nyingine ni ratiba: mpya huanza Jumapili inayofuata Jumamosi ya pili ya Desemba kila mwaka, kwa hiyo saa ulizopewa na rafiki aliyesafiri Novemba zinaweza zisiwepo Januari.

Kadi inakataa kulipa

Tovuti ikikurudisha nyuma baada ya kuandika namba ya kadi, mara nyingi benki yako inasubiri uthibitishe malipo kwa msimbo, na msimbo huo umetumwa kwenye laini ya nyumbani uliyoitoa kwenye simu uwanja wa ndege. Irudishe laini, au iombe benki kabla ya safari ikuwekee uthibitisho wa ndani ya programu ya simu. Ulizia pia kama kadi imefunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni ya nje ya nchi, maana benki nyingi huifunga mpaka mteja aombe.

Kabla ya kujaribu mara ya pili, fungua barua pepe, hata folda ya taka, uone kama tiketi haijafika. Super Sparpreis mbili za safari moja ni hasara, kwa kuwa aina hiyo hairudishwi. Ikishindikana kabisa, nenda stesheni. Dirisha la Reisezentrum, yaani ofisi ya tiketi, linauza tiketi hizo hizo.

Kondakta anasema tiketi yangu si halali

Hapa ndipo machozi yanapotoka, maana faini ya kawaida ni euro 60. Soma polepole.

Kosa ninalolikuta sana ni la kisanduku cha punguzo. Unapotafuta safari, tovuti inakuuliza kama una BahnCard. Mtu anaona kwamba akichagua "BahnCard 25" bei inashuka, anaichagua na kulipa. Tovuti haimzuii. Kondakta ndiye anayeomba kadi, na bila kadi hiyo tiketi yako haitoshi. Kama umeshanunua hivyo na safari haijaanza, nenda Reisezentrum au kanunue BahnCard yenyewe kabla ya kupanda. Usipande ukitegemea huruma.

La pili ni Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49, ikapanda hadi 58 mwaka 2025 na 63 mwaka 2026. Ni tiketi nzuri sana kwa mtu anayeishi huku. Inakupa mabasi, tramu, treni za mjini za U-Bahn na S-Bahn, na treni za karibu za RB na RE nchi nzima. Lakini haikupandishi ICE, IC wala EC, na haikupandishi FlixTrain, treni za kampuni nyingine. Ukitafuta safari, weka alama kwenye chaguo la kuonyesha treni za karibu tu, tovuti isije ikakupa njia yenye ICE katikati. Na ni usajili: huisitishi kabla ya tarehe 10, unalipishwa mwezi unaofuata.

La tatu ni neno Zugbindung. Ukiliona kwenye tiketi, maana yake umefungwa kwenye treni ile ile ya masafa marefu iliyoandikwa, saa ile ile. Sparpreis na Super Sparpreis zote zina kifungo hiki. Kufika stesheni mapema na kupanda ICE iliyotangulia kwa sababu ina nafasi si ruhusa, hata kama inakwenda mji huo huo. Kifungo hicho hufunguka kwa hali moja, na nitaieleza kwenye dalili ya kuchelewa.

Tiketi za jimbo zinazobeba hadi watu watano, kama Bayern-Ticket, zinapendwa na familia, lakini siku za kazi zinaanza kufanya kazi saa tatu asubuhi. Ukipanda saa mbili na nusu, huna tiketi. Na tiketi ya karatasi ya basi au treni za mjini, katika miji mingi lazima igongwe muhuri kwenye kisanduku kidogo kilichoko jukwaani au ndani ya gari. Neno la kutafuta ni "entwerten".

Jina nalo liangalie. Tiketi ya mtandaoni ni ya mtu mmoja na haiazimishwi. Andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, si lile unaloitwa nyumbani. Simu ikizima chaji wakati una tiketi yenye jina lako, kondakta atakuandikia karatasi ya faini, lakini usikate tamaa. Ukiipeleka tiketi halali ndani ya wiki moja kwenye ofisi iliyotajwa kwenye karatasi hiyo, faini inashuka hadi euro 7 au chini yake. Wengi hulipa zote 60 kwa kutojua hilo.

Ukumbuke pia kwamba tangu mwanzo wa 2022 kondakta wa treni za masafa marefu hauzi tena tiketi ndani. Desturi ya "nitalipa humo humo" imekwisha.

Nina tiketi, lakini nimesimama njia nzima

Hukununua kiti. Kwa daraja la pili kiti kinalipiwa zaidi, euro 5.50 tangu Juni 2025. Kwa safari ya nusu saa unaweza kuacha. Kwa safari ya saa nne ya Ijumaa, nunua. Familia ziangalie zaidi: zamani kulikuwa na bei moja ya viti kwa familia nzima, nayo ilifutwa Juni 2025, kila kiti kikaanza kulipiwa peke yake, hata cha mtoto. Nauli ya watoto ni jambo jingine. Wa chini ya miaka 6 hawahitaji tiketi, na wa miaka 6 hadi 14 wanasafiri bure na mkubwa wao, mradi umewaandika kwenye tiketi wakati wa kununua. Ukisahau kuwaandika, huwezi kuwaongeza bure baadaye.

Na kama ulinunua kiti ukakuta mtu amekikalia? Muonyeshe tiketi kwa upole, atainuka, ni kawaida huku. Ila wahi. Kiti kisipokaliwa ndani ya dakika 15 baada ya treni kuondoka pale ulipopaswa kupandia, haki yako inapotea.

Treni ni yenyewe, lakini inanipeleka kwingine

Binti wa jirani yangu, muuguzi mwanafunzi, alitoka Berlin kwenda Wuppertal. Namba ya treni sahihi, saa sahihi, jukwaa sahihi. Akaingia mlango wa karibu, akapata dirisha, akalala. Alipoamka yuko Essen. Treni ile hukatika vipande viwili kwenye stesheni ya Hamm. Kipande kimoja kinapita Hagen na Wuppertal kwenda Köln, kingine kinapita Dortmund na Essen kwenda Düsseldorf. Alikaa kwenye kipande kisicho chake.

Kinga yake iko ukutani na juu ya jukwaa. Jukwaa limegawanywa kwa herufi, A na kuendelea, na ubao unaonyesha behewa gani litasimama kwenye herufi gani, na kila kipande kinaishia wapi. Tafuta namba ya behewa lako, simama kwenye herufi yake. Hata kama hukununua kiti, soma jina la mji kwenye kioo cha mlango kabla ya kuingia. Ukisikia kipaza sauti kinasema "umgekehrte Wagenreihung", mabehewa yamekuja kinyumenyume: aliyekuwa mbele sasa yuko nyuma. Anza kutembea mara moja, usingoje treni isimame, maana ICE ndefu inafika mita 400.

Maneno mengine ya ubaoni ya kujifunza kwa moyo: "heute Gleis 12", leo ni njia ya 12, "fällt aus", imefutwa, "Halt entfällt", kituo hicho hakisimamwi. Watu hukosa treni wakiwa wamesimama jukwaani pale pale kwa sababu hawakulitambua la kwanza.

Treni ya kwanza imechelewa, ya pili imeniacha

Hili litakupata. Mwaka 2024, ni asilimia 62.5 tu ya treni za masafa marefu za Deutsche Bahn zilizofika kwa wakati, na kwa hesabu yao "kwa wakati" ni kuchelewa chini ya dakika 6. Kwa hiyo usipange safari kama vile kuchelewa ni bahati mbaya. Panga ukijua kutakuwepo.

Tovuti itakupa dakika 8 za kubadilisha treni Frankfurt, Leipzig au München, stesheni ambazo reli inaishia mwisho wa jengo na inabidi uzunguke kwenye mwisho huo kwenda njia nyingine. Ina mahali pa kuweka muda wa chini wa kubadilisha, Umsteigezeit. Uweke. Mimi simpangii mtu chini ya dakika 25, na mwenye watoto au mabegi ya kutoka ndege ninampa 40, hata kama atafika saa moja baadaye.

Sasa umeachwa. Jiulize swali moja: je, treni zote mbili ziko kwenye ununuzi mmoja?

Kama ndiyo, uko salama. Ikionekana utafika mwisho wa safari umechelewa dakika 20 au zaidi, Zugbindung inafunguka. Unaweza kupanda treni inayofuata, au njia nyingine, hata ICE wakati ulikuwa na IC, bila kuongeza senti. Huhitaji kumwomba mtu ruhusa. Piga picha ubao unaoonyesha ucheleweshaji, na ukimuona kondakta mueleze kabla hajakuuliza.

Kama hapana, safari zako ni mikataba miwili isiyojuana. Mfano wa kila siku: mtu ana Deutschlandticket, anaona hana haja ya kulipia kipande cha kutoka kijijini hadi stesheni kuu, ananunua ICE peke yake kuanzia hapo. Treni ya RE inachelewa nusu saa, ICE inaondoka. Kwa ICE, wewe ni abiria aliyechelewa nyumbani kwake, na tiketi imekufa. Ni vivyo hivyo ukiunganisha FlixTrain na Deutsche Bahn, au tiketi mbili ulizonunua siku mbili. Ukitaka kutumia Deutschlandticket kwa kipande cha kwanza, toka na treni iliyotangulia ile unayoihitaji. Kwa safari ambayo huwezi kuikosa, ya usaili wa kazi au ya ubalozini, nunua yote kwa pamoja toka mlangoni mwako. Euro chache unazoongeza zinakununulia ile haki.

Kwa anayewahi ndege ya kurudi Nairobi au Dar es Salaam, muulize wakala wako wa ndege kuhusu Rail&Fly. Ni tiketi ya treni inayouzwa pamoja na tiketi ya ndege, na haikufungi kwenye treni moja. Ukiona asubuhi hali ni mbaya, unaondoka na ya mapema.

Fidia nayo ni haki yako, idai. Ukifika umechelewa dakika 60 au zaidi, unarudishiwa asilimia 25 ya nauli. Dakika 120 au zaidi, asilimia 50. Ikiwa unaona mapema kwamba utachelewa saa nzima au zaidi, unaweza kuiacha safari na kudai nauli yote. Dai ndani ya miezi mitatu, kupitia akaunti yako mtandaoni au kwa fomu ya Fahrgastrechte, yaani haki za abiria, kutoka Reisezentrum. Kiasi cha chini ya euro 4 hakilipwi. Dhoruba kubwa inaweza kuwaondolea wajibu wa fidia, lakini mgomo wa wafanyakazi wao wenyewe hauwaondolei. Tiketi ya Super Sparpreis, ambayo huwezi kuirudisha kwa hiari yako, haki hii inayo sawa na tiketi ghali. Wengi wetu tunaona haya kudai, tunasema tumeshafika inatosha. Usione haya. Pesa hiyo imewekwa na sheria ya Umoja wa Ulaya kwa ajili yako.

Treni ya mwisho imefutwa na usiku umeingia

Usinunue chumba cha hoteli kabla ya kuongea na mtu. Nenda dirisha la maelezo la Deutsche Bahn, DB Information, au mtafute kondakta kabla ya kushuka, useme wazi kwamba huwezi kufika leo. Ikiwa treni ya mwisho imefutwa au imekukosesha kuunganisha, na haiwezekani kuendelea usiku huo, shirika ndilo linalopaswa kukupa pa kulala. Na kama ulipaswa kufika kati ya saa sita usiku na saa kumi na moja alfajiri, na ucheleweshaji ni wa dakika 60 au zaidi, unaweza kuchukua teksi na kurudishiwa hadi euro 120. Dirisha likiwa limefungwa na hakuna wa kumuuliza, chukua risiti ya kila kitu na upige picha ubao na dirisha lenyewe likiwa giza, vyote viambatane na fomu.

Na ikiwa umekwama na mtoto, au umeibiwa, au umechoka tu na hujui Kijerumani, uliza Bahnhofsmission. Ni huduma ya makanisa iliyoanzishwa Berlin mwaka 1894 kwa ajili ya wasichana waliokuwa wakija mjini kutafuta kazi, na leo ina vyumba katika stesheni zaidi ya mia moja. Hawaulizi dini wala karatasi zako. Watakupa kiti na chai, na watakusaidia kupiga simu. Si vyote vinafunguliwa usiku, kwa hiyo angalia saa zao mlangoni ungali na mwanga. Wahudumu wao utawatambua kwa vizibao vya buluu.